Kwa nini salfa huua kichocheo

Kwa mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, salfa ni mkombozi. Asipoipulizia kwa wakati, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga unamaliza maua na msimu umekwenda. Kwangu mimi mkemia, salfa hiyohiyo ni adui mkubwa pale gesi asilia inapotakiwa kugeuzwa kuwa kitu kingine. Sababu iko kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha.

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita wanaonijia na maswali huamini kwamba kichocheo husukuma mmenyuko. Hakisukumi. Kinafungua njia nyingine isiyodai nishati nyingi. Aliyeko Lindi mjini akitaka kwenda Kitunda anaweza kuizunguka ghuba yote kwa barabara, au akapanda boti akavuka. Boti haikuisogeza Kitunda. Ikishamshusha inapakia wengine, na inavusha wanaokwenda na wanaorudi. Kichocheo nacho huharakisha mmenyuko wa mbele na wa kurudi nyuma kwa pamoja, kwa hiyo hakiuhamishi msawazo, yaani pale mienendo hiyo miwili inapolingana kasi, kinawahisha tu kuufikia.

Kama hakiuhamishi, faida yake nini? Tazama amonia, inayozaa mbolea ya urea. Atomu mbili za nitrojeni ya hewani zimeshikana kwa bondi tatu, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli. Ukiongeza joto ili kuilegeza, unajiharibia, kwa sababu mmenyuko wenyewe hutoa joto na joto likizidi amonia inavunjika tena. Ukipunguza joto, hakuna kinachotokea. Mkemia Mjerumani Fritz Haber alionesha mwaka 1909 kwamba metali ya osmi inaweza kuokoa jahazi, lakini osmi ni adimu mno. Alwin Mittasch na wenzake wa kampuni ya kemikali ya BASF walijaribu michanganyiko kwa maelfu mpaka wakaipata ya chuma, yenye alumina (oksidi ya alumini) na potasiamu kidogo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi. Nitrojeni hunaswa usoni mwa chuma, bondi inakatika, hidrojeni zinaungana nayo moja baada ya nyingine, kisha amonia inang'oka na kuacha nafasi wazi. Nyuzi 400 hadi 500 za selsiasi zinatosha, kukiwa na mgandamizo mkubwa. Kwangu huu ni miongoni mwa ugunduzi mkubwa kabisa wa kemia.

Hidrojeni ya kutengenezea amonia kwa kawaida hutoka kwenye methani, na gesi asilia ya kusini mwa Tanzania, ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, 1982, karibu yote ni methani. Inakutanishwa na mvuke wa maji ndani ya mirija yenye nikeli iliyobebwa na alumina, kwenye nyuzi kama 800 hadi 900, zinatoka kaboni monoksidi na hidrojeni.

Hapo ndipo salfa inapoleta balaa. Inaing'ang'ania nikeli kuliko methani inavyoweza, na ikishakaa haibanduki kirahisi. Nikeli bado ipo, hata gramu haijapungua, ila uso wake umejaa. Mmenyuko huo hufyonza joto. Ukidorora, joto hilo halifyonzwi tena, mirija inapata moto kupita kiasi na masizi yanaanza kujengeka. Kwa hiyo gesi husafishwa mpaka salfa ibaki chini ya sehemu 0.1 katika milioni. Kazi hiyo hufanywa na oksidi ya zinki kwenye nyuzi 350 hadi 400: inaidaka salfidi ya hidrojeni, inageuka salfidi ya zinki, na ikishiba inabadilishwa.

Gesi yetu ya kusini haina shida kubwa ya salfa, na tunapojadili viwanda vya mbolea usafi huo tuuhesabu kama mali. Hata hivyo mtungi wa oksidi ya zinki hauondolewi kwenye mchoro wa kiwanda. Na anayetaka kutoa hidrojeni kwenye gesi ya majumbani aangalie zaidi: ile harufu inayotiwa ili uvujaji ugundulike mara nyingi ni misombo ya salfa.