Divisheni ya 76 Haikuwa Mgambo

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma historia, kama Divisheni ya 76 ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia si wale mgambo wazee waliolinda fukwe kwa marungu. La, sio. Mgambo, yaani Home Guard (jina ambalo Mkenya hulisikia kama homugadi na kukumbuka wale waliosaidia serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau miaka ya 1950), walikuwa raia wa kujitolea walioitikia wito wa Anthony Eden, waziri wa vita, redioni tarehe 14 Mei 1940, na wengi wao waliendelea na ajira zao kama kawaida. Divisheni ya 76 ilikuwa jeshi kamili la mshahara, lenye vijana walioandikishwa kwa sheria.

Kinachowachanganya watu ni asili yake. Mnamo Desemba 1940 iliundwa Divisheni ya Kaunti ya Norfolk, yaani ya eneo la pwani ya mashariki ya Uingereza, na hapo neno "divisheni" linapotosha. Divisheni haihesabiwi kwa vichwa. Ni batalioni pamoja na mizinga, wahandisi, mawasiliano na magari, vyote chini ya jenerali mmoja, ili iweze kung'oa kambi na kupigana mahali pengine. Ile ya kaunti ilikuwa makao makuu na brigedi za askari wa miguu waliopangwa kando ya bahari, wakichimba mahandaki na kutandaza seng'enge, bila mizinga yao wenyewe. Ndiyo maana iliitwa divisheni tuli: uzembe haukuhusika, ilikosa tu cha kuihamisha.

Novemba 1941 ikapewa namba 76, na baadaye mizinga na vikosi vya msaada.

"Lakini haikupigana!" Sentensi hii hunikera kuliko zote. Kuanzia mwishoni mwa 1942 ilikuwa divisheni ya mafunzo: askari aliyemaliza mafunzo yake ya awali alipelekwa huko kwa majuma matano zaidi, kisha akasafirishwa kwenda kwenye vikosi vya mstari wa mbele. Mapigano ya Normandy, kule Ufaransa mwaka 1944, yalipowamaliza askari wa miguu, pengo lilizibwa kwa watu wake, hadi kisima kikakauka, nayo ikavunjwa Septemba 1944, kazi iliyosalia ikakabidhiwa Divisheni ya 47.

Je, ingeuzuia uvamizi wa Wajerumani kule ufukweni? Hapa mimi mwenyewe husitasita. Hitler aliahirisha uvamizi tarehe 17 Septemba 1940, miezi mitatu kabla divisheni haijazaliwa, na London haikuwa na njia ya kujua kwamba kuahirisha kule kungekuwa kwa kudumu. Mstari mrefu na mwembamba usio na mizinga yake haunipi matumaini makubwa. Labda ungemchelewesha adui mpaka vikosi vyenye magari vifike, na labda hilo ndilo pekee lililotarajiwa. Hata hivyo, anayetafuta kazi yake katika mchanga wa Norfolk anatafuta pasipo, kwa sababu askari aliyepikwa na divisheni hii na kuuawa Ufaransa huhesabiwa kwa divisheni iliyompokea.