Semi-otomatiki sio rashasha, na mengine tunayodanganyana kuhusu bunduki hapa Uganda

Juzi nilikuwa steji ya boda hapa Bweyogerere nangoja mvua ikate, kijana mmoja akawa anaonyesha wenzake video kwenye simu, mzungu yuko Marekani anapiga shabaha, akasema oneni semi-otomatiki hiyo, ukishika traiga tu inamwaga mpaka magazini inaisha. Wote wakaitikia eeh. Mimi nikanyamaza kwanza, lakini nimelinda pampu ya mafuta miaka minne na bunduki begani, uvumilivu ukanishinda, nikamwambia mwanangu, hiyo unayoisema ni rashasha. Akaniambia mzee, kwani tofauti iko wapi? Tukabishana hadi mvua ikaisha, abiria wamesimama wanatutazama.

Tofauti ndo hii. Semi maana yake nusu, na kweli kazi imegawanywa nusu kwa nusu. Ukishafyatua, bunduki yenyewe inatupa nje ganda la risasi iliyotumika na kuingiza nyingine chemba, kwa nguvu ya gesi ya baruti au ya ule mrudisho unaousikia begani. Hiyo ni nusu yake. Nusu yako ni kidole: lazima uachie traiga uvute tena, kila risasi na mvuto wake, hata ukishikilia mpaka kesho haitoki ya pili. Ile inayoendelea kutapika ukishikilia ndo full-oto, rashasha.

Kinachowachanganya watu ni AK, ambayo polisi wetu wakiandika ripoti wanaiita SMG, yaani sub-machine gun, kwa sababu ile inafanya yote mawili. Ubavuni kulia ina kiwashio kirefu cha chuma: juu kabisa ni sefti, katikati ni oto, chini kabisa ni moja moja. Kwenye oto mwendo wake ni kama risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo magazini ya 30 inaisha kwa sekunde tatu hivi, hujamaliza hata kusema Yesu. Kwenye moja moja, askari anayelenga vizuri anahesabiwa kama risasi 40 kwa dakika. Bunduki ni ileile, ukisogeza chuma hatua moja imekuwa kitu kingine.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, nao huwa wananiudhi, wanasema kama ni moja moja basi haina shida, ni kama ya kuwindia swala tu. Hapana bana. Christchurch kule New Zealand, Machi 2019, watu 51 waliuawa kwenye misikiti miwili, na silaha zilizotumika zaidi zilikuwa za semi-otomatiki, ndo maana ndani ya wiki chache serikali yao ikapiga marufuku nyingi za aina hiyo. Na Las Vegas mwaka 2017 yule mtu alifunga kwenye bunduki zake kitako kinachocheza, inarudi nyuma, mkono unaisukuma mbele, na traiga inajigonga tena kwenye kidole, semi ikawa inakimbia karibu kama rashasha, wakafa watu 60. Marekani ikakipiga marufuku kile kifaa, halafu Juni 2024 Mahakama ya Juu yao ikasema hapana, kisheria hiyo bado sio rashasha kwa sababu traiga inavutwa kila mara. Kwa hiyo ubishi wetu wa steji hata majaji wameubishania, na kura ilikuwa sita kwa tatu.

Kingine ni macho. Watu wanahukumu bunduki kwa sura. Ikiwa nyeusi, ina kishikio cha chini na magazini iliyopinda, basi ni ya vita. Ikiwa ina kitako cha mbao, aaah hiyo ni ya mzee wa shamba. Na bastola ndogo ya mheshimiwa inayochungulia kwenye koti haihesabiwi kabisa, wakati bastola nyingi za siku hizi ni semi-otomatiki vilevile. Hata zile herufi AR za AR-15, watu wanaapa ni kifupi cha bunduki ya kushambulia, kumbe ni jina la kampuni iliyoibuni, ArmaLite. Na ile anayobeba askari wa mlangoni supamaketi, ya kuvuta mkono nyuma na mbele kabla ya kila risasi, hiyo ni pampu-akshen, sio semi wala oto, ingawa ukipigwa nayo kwa karibu hutauliza jina.

Haya, sheria. Hapa kwetu nasikia mawili yanayopingana kutoka mdomo mmoja: raia Uganda haruhusiwi kabisa kuwa na bunduki, halafu dakika tano baadaye, ukiwa na pesa unanunua tu. Yote si kweli. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamruhusu raia, lakini kwa cheti cha polisi, awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mlevi, na awe na sababu inayoeleweka. Katiba ya 1995 haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki, ni ruhusa tu, na ruhusa hunyang'anywa. Watu wanaoangalia sana taarifa za Marekani wanasahau hilo, wanaongea kama vile sisi pia tuna yale marekebisho yao ya pili ya katiba, yanayompa raia haki ya kuwa na bunduki.

Halafu kuna kitu wengi hawajui kabisa. Aprili 2004 nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi, Uganda ikiwemo, na humo waliahidi kuwazuia raia kabisa wasimiliki bunduki za rashasha wala raifo za semi-otomatiki. Yaani ule ugomvi wanaougombana Wamarekani miaka yote, waliopiga marufuku baadhi ya raifo hizo mwaka 1994 na kuiacha marufuku ife 2004, sisi mwaka uleule tulikuwa tunasaini ahadi kali kuliko yao. Na wasikudanganye eti kule hakuna sheria, rashasha mpya kwa raia zimefungwa tangu 1986.

Basi kama karatasi zetu ni kali hivyo, mbona risasi zinalia? Hapa ndo dhana kubwa kuliko zote: kwamba bunduki ya kuua lazima ni ya magendo, imevushwa mpakani usiku. Zipo hizo, na Karamoja wanajua zaidi, ingawa hata kule nyingi za mwanzo hazikuvushwa popote, Amin alipoanguka 1979 watu waliingia ghala la kambi ya Moroto wakajichukulia. Lakini kumbuka Mei 2023. Tarehe 2 waziri Charles Engola alipigwa risasi nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi. Siku kumi baadaye mkopeshaji pesa akauawa ofisini kwake Kampala na polisi ambaye hakuwa zamu, na ambaye wakubwa wake walikuwa wamemzuia kushika silaha. Bunduki zote mbili zilikuwa za serikali, zina namba, zina ghala na zina daftari. Hakuna kipengele cha semi au oto ambacho kingezuia hapo, swali lilikuwa nani amekabidhiwa na nani ameangalia.

Ndo maana nacheka watu wakisema siku hizi bunduki zina alama za vidole, kwa hiyo muuaji anajulikana hapohapo. Hilo lilitoka Juni 2018, mbunge Abiriga alipouawa, Rais akaagiza kila bunduki ichukuliwe alama. Jirani yangu mmoja anaamini kabisa kuna kichipu ndani kinachopiga simu polisi. Hakuna. Kinachochukuliwa ni michoro ambayo mtutu unaiacha kwenye risasi na pini inaiacha kwenye ganda, ikiokotwa barabarani inalinganishwa na zilizohifadhiwa. Inasaidia sana kama bunduki ilisajiliwa. Kama haikusajiliwa unabaki na ganda la shaba mkononi. Na hata ikilingana inakuambia bunduki gani tu, kidole cha nani utakitafuta mwenyewe, ndo unarudi palepale kwenye daftari.

Nalijua daftari hilo. Kila saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunapanga foleni kwenye dirisha la stoo, msimamizi anasoma namba ya bunduki, unahesabu risasi mbele yake, unasaini. Asubuhi unarudisha, anahesabu tena. Hivyo ndo inavyotakiwa. Lakini siku ya mvua gari likichelewa, mwenzangu wa mchana alikuwa ananikabidhi palepale kwenye pampu, bunduki inatoka bega hadi bega, daftari liko kilomita saba, limesainiwa jina la mtu ambaye yuko kwenye teksi anaenda kulala. Kampuni ilijua. Wote tulijua.

Na bado wapita njia walikuwa wananiogopa, kwanza bunduki, pili Kiswahili, maana wazee hapa wakisikia Kiswahili wanakumbuka panda gari ya miaka ya themanini, wanajeshi walipokuwa wanasomba watu kwenye malori. Yule kijana wa steji mwishowe aliniuliza, sasa mzee, yako wewe ilikuwa semi au oto? Nikamwambia pampu-akshen, na risasi tano, moja ilikuwa imevimba haiingii chemba, lakini kila jioni tuliihesabu na kuisainia.