Hesabu kilo zilizomo bandani, achana na idadi ya vifaranga

Masika yakianza hapa Tabora, wafugaji wa kuku wa nyama huniuliza swali lilelile: "Daktari, banda linanuka, niongeze maranda?" Nami huwarudishia swali: una kilo ngapi humo ndani? Wengi hunitajia idadi ya vifaranga walioingiza. Siyo nilichouliza.

Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi. Akitunzwa vizuri, wiki ya tano anakaribia kilo 2. Sakafu ni ileile, mzigo umezidi mara 50. Chukua banda la mita 5 kwa 8, yaani mita za mraba 40. Ukiweka kuku 10 kwa kila mita, unaingiza 400. Wakifika kilo 1.8, sakafu imebeba kilo 18 kwa mita ya mraba. Hapo huna ugomvi na mtu. Lakini wengi huingiza 600, maana siku ya kwanza vifaranga wanaonekana wachache na banda linabaki tupu. Kwa uzito uleule tayari ni kilo 27. Halafu soko linalala, wateja wanasubiri malipo ya tumbaku, kuku wanaendelea kula hadi kilo 2.5. Sasa una kilo 37.5 kwa mita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inaweka kikomo cha kawaida cha kilo 33. Anayetaka kupanda hadi 39 au 42 anabanwa na masharti ya hewa, joto na kumbukumbu za vifo. Na wafugaji wa kule wana mafeni. Kwa banda la tofali na wavu la Ipuli au Cheyo, linalotegemea upepo wa Mungu, mimi sivuki kilo 25, na Septemba na Oktoba, jua linapochoma, nashuka hadi 20.

Kilo zinahusiana vipi na harufu? Kwa njia ya maji. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi. Hadi afikishe kilo 2 amekunywa si chini ya lita 6. Kuku 600 ni lita 3,600: mapipa 18 ya lita 200. Sehemu ndogo tu inabaki mwilini. Nyingine yote inatoka kwa pumzi na kinyesi, na kama hewa haiitoi nje, inaishia kwenye maranda. Kinyesi kikilowa, bakteria huvunja asidi ya yuriki iliyomo na kutoa amonia. Ndiyo hiyo inayokuchoma macho.

Pua ya mfugaji, lakini, si shahidi mzuri, huzoea upesi. Ingia asubuhi kabla hujafanya kazi nyingine, uchuchumae hadi kimo cha kuku, uvute pumzi. Kisha chota maranda katikati ya banda, si mlangoni, uyafinye. Yakishikana kidogo na kumeguka ukifungua kiganja, yako sawa. Yakibaki donge, yana maji mengi. Yasiposhikana kabisa na vumbi linapaa, yamekauka mno, na vifaranga wataanza kukohoa. Mwisho mkamate kuku mmoja umgeuze miguu. Doa jeusi kwenye unyayo au kwenye kifundo linaeleza unyevu wa siku nyingi zilizopita kuliko pua yako.

Kuhusu majivu na chokaa, nitawaudhi baadhi yenu. Kunyunyiza juu ya maranda yaliyolowa kuku wakiwa ndani hukausha juu tu, na kwa kuwa vyote viwili vina ualkali, hufukuza amonia zaidi kutoka kwenye kinyesi. Chokaa ipake sakafuni banda likiwa tupu. Kuku wakiwemo, toa magamba ya maranda yaliyoganda, hasa chini ya vyombo vya maji, weka makavu mahali pake, na geuza yaliyobaki mchana upepo ukipita.

Kabla ya yote kagua vyombo. Kingo za chombo cha maji ziwe usawa wa mgongo wa kuku, na zipandishwe kadiri anavyokua. Chakula nacho: ukijichanganyia mwenyewe kwa dagaa wenye chumvi kisha ukaongeza chumvi ileile ya fomula, kuku watakunywa kupita kiasi na kuhara maji, na hakuna maranda yatakayokuokoa.

Maranda ya seremala ni mazuri kuliko yote, unene wa sentimita 5 hadi 10, mradi mbao haikupakwa dawa. Maganda ya mpunga kutoka mashine za Igunga na Nzega yanafaa pia, ila hayanyonyi sana, yachanganye. Unga wa msumeno uache, vifaranga huudonoa wakidhani ni chakula. Chochote chenye ukungu kisipite mlangoni.

Baridi ya Juni na Julai ina balaa lake. Watu hushusha maturubai hadi chini usiku kucha, wanawasha jiko la mkaa, unyevu wote unabaki ndani pamoja na gesi ya jiko. Funika chini, acha nafasi wazi juu karibu na paa. Joto la kifaranga lipo sakafuni, hewa chafu hutoka kwa juu.

Na kama umeshaweka 600? Usingoje wote walingane. Kuanzia mwisho wa wiki ya nne uza wakubwa 200 kwa mama lishe na wakaanga chipsi, hata kwa bei ya chini kidogo. Waliobaki watapata nafasi, hewa na chakula. Mnunuzi aje na matenga yake, lakini yaishie nje ya uzio, yasije yakakuletea ugonjwa. Wewe ndiye unayemtolea kuku.