Usikate shamba viwanja kabla ya mchoro

Malalamiko ya viwanja visivyo na njia yamezidi, hasa huku Dar inakokutana na Mkoa wa Pwani, Chanika, Vikindu, Kisarawe mpaka Mlandizi. Karibu yote yanafanana. Mzee ana ekari zake za mikorosho, dalali anamwambia akate viwanja vya mita ishirini kwa ishirini, wanapima kwa kamba, wanauza, alafu mtu wa nyuma akitaka kujenga lori la mchanga halina pa kupita. Hapo ndo tunaitwa sisi watu wa mipango miji, na kiukweli tunakuwa tumeitwa kwa kuchelewa.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwenye hesabu ya dalali hiyo ni viwanja kumi. Ukitenga nafasi ya barabara vinabaki saba au nane, na hapo ndo watu wanapokataa, eti wanaibiwa ardhi. Jamani hamuibiwi. Hivyo viwili vitatu unavyong'ang'ania ndo njia ya zimamoto, ya gari la kunyonya choo, ya bomba la maji na nguzo za umeme. Na bila mpangilio kila mtu anachimba shimo la choo anapojisikia, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu ng'ambo ya ukuta.

Lingine ni hili la "huku bado kijijini". Waziri akishatangaza eneo kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali, kanuni za mjini zinatumika hata kama unalima mihogo. Na kama bado ni kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, pia kuna mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake haubadilishi shamba kuwa makazi. Tumelisema hili mara nyingi sana.

Utaratibu uko hivi, naomba usirukwe. Unaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukiambatanisha vielelezo vya umiliki, maafisa wanakuja saiti kukagua, mtaalam wa mipango miji aliyesajiliwa anaandaa mchoro, yaani ramani ya viwanja na barabara vitakavyokaa, na majirani wanashirikishwa, unajadiliwa kwenye kamati ya halmashauri, ndo unapelekwa kwa mkurugenzi wa mipango miji kuidhinishwa. Ukishapita ndo mpima anaingia kusimika bikoni, zile nguzo za zege za kuonyesha mipaka, na ramani yake nayo lazima iidhinishwe upande wa upimaji na ramani. Baada ya hapo unaomba hati, unapewa control namba, unalipa. Bikoni zikiwepo bila mchoro ulioidhinishwa hizo ni zege tu ardhini.

Ukijenga bila kibali cha halmashauri unapewa notisi ya kusimamisha, ukiendelea unapelekwa mahakamani, na jengo linaweza kuondolewa kwa gharama zako mwenyewe. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bondeni kuwa kukavu sasa hivi hakukupi ruhusa.

Hapa naongea kwa ujumla, eneo lako linaweza kuwa na masharti yake. Kwahiyo mnunuzi kabla hujatoa hela chukua koodineti za kiwanja uende nazo kwa afisa mipango miji, akwambie pamepangwa nini, maana wapo walionunua eneo la shule wakiwa na mkataba umeshuhudiwa vizuri kabisa.

Kama mtaa umeshajengwa ovyo, kinachobaki ni urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwishajengwa ili yatambulike kisheria, na huko kila mwenye kiwanja ataombwa aachie kipande njia ipite. Kaeni na majirani mkubaliane sasa, kabla watu hawajaanza kupiga fensi.