Zamani Ipi Hiyo? Dhana Potofu Kuhusu Staha katika Siasa za Marekani

Nafundisha darasa la uraia kila Jumamosi mjini Louisville, Kentucky, na wengi wa wanafunzi wangu ni wahamiaji kutoka Kongo na Burundi wanaojiandaa kwa usaili wa uraia. Maswali ya mtihani wanayamudu vizuri: idadi ya maseneta, nani hushika nafasi rais asipoweza kuendelea. Linalonichosha halimo kwenye mtihani. Ni ile imani, ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuivumilia, kwamba wanasiasa wa nchi hii walikuwa waungwana wanaostahiana hadi miaka michache iliyopita, ndipo matusi yakaingia. Aliyeileta mara ya mwisho ni mzee mmoja wa Uvira, mwalimu mstaafu, ambaye alinionyesha kwenye simu yake video ya wabunge wakizomeana, akaizima, kisha akasema kwa huzuni: "Mwalimu, hawa watu zamani walikuwa wanaheshimiana."

Nilimuuliza: zamani ipi, mzee wangu?

Mimi ni mliberali na sijawahi kulificha hilo darasani. Wanafunzi wenye mwelekeo wa kihafidhina wanalijua na tunabishana bila kununiana. Lakini ili kuibomoa dhana hii huhitaji itikadi yoyote, kwa sababu ushahidi umeandikwa hata ndani ya katiba ya jimbo tunaloishi. Gavana wa Kentucky anapoapishwa, huapa kwamba hajawahi kupigana na mtu kwa silaha za kuua katika pambano la watu wawili lililopangwa kwa makubaliano, wala kupeleka au kupokea mwaliko wa pambano kama hilo. Kiapo hicho kingali kinasomwa leo, na wageni waalikwa hucheka kikifika hapo. Waliokiandika hawakuwa wakifanya mzaha. Henry Clay, mwana wa Kentucky anayesifiwa hadi leo kama bingwa wa maridhiano, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1826 alipofyatuliana risasi na seneta John Randolph wa Virginia, baada ya Randolph kumtukana ndani ya Seneti. Miaka 22 kabla ya hapo, Aaron Burr alimuua Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa hili, kwa bastola katika pambano la namna hiyo, wakati Burr mwenyewe angali makamu wa rais.

Wahamiaji wenzangu ndio hasa ningependa walijue tukio la tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi hapa Louisville. Chama kilichojulikana kwa jina la Know-Nothing, ambacho ajenda yake kuu ilikuwa kuwachukia wageni na Wakatoliki, kiliweka watu wake kwenye vituo vya kura wawazuie Wajerumani na Waairishi kupiga kura, na ghasia zilizofuata ziliua watu wasiopungua 22 na kuteketeza nyumba za wahamiaji hao. George Prentice, mhariri wa gazeti la Louisville Journal, alikuwa amechochea chuki hiyo katika safu zake. Sanamu yake ilikaa mbele ya maktaba kuu ya mji hadi Desemba 2018, na watu waliingia kuazima vitabu wakipita chini ya miguu yake.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei 1856, Preston Brooks, mbunge wa South Carolina, aliingia katika ukumbi wa Seneti akiwa na mkongojo wenye kichwa cha dhahabu, akamkuta seneta Charles Sumner wa Massachusetts ameketi akiandika, akaanza kumcharaza kichwani. Meza ya Sumner ilikuwa imefungwa sakafuni kwa skrubu, na miguu yake ilikuwa imebanwa chini yake, hata katika kujinasua aliing'oa meza yenyewe. Ilipita takriban miaka mitatu kabla hajarudi kazini kikamilifu. Brooks alitozwa faini ya dola 300, akajiuzulu, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni. Tena baadhi yao walimpelekea mikongojo mipya kama zawadi.

Sehemu ya kisa hiki inayorukwa ni kwamba aliyelalamikia utovu wa adabu alikuwa Brooks. Siku chache kabla ya kipigo, Sumner alikuwa ametoa hotuba kali dhidi ya utumwa, akamkejeli seneta Andrew Butler, jamaa wa Brooks, kwa maneno ambayo hata mimi nisingeyatamka mbele ya wakwe. Kwa mizani ya staha peke yake, Sumner alikosa. Wakati huohuo watu karibu milioni nne walikuwa wakimilikiwa kama mifugo, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa limewahi, kuanzia mwaka 1836 hadi 1844, kujiwekea kanuni ya kutojadili kabisa maombi ya wananchi ya kukomesha utumwa, ili amani ya ukumbi isivurugwe. Ilikuwa staha kamili, iliyolipiwa na watu wasioruhusiwa hata kuingia ukumbini.

Mzee wa Uvira alinijibu kwamba yeye hakumaanisha zamani za mbali kiasi hicho. Alimaanisha miaka ya 1950, zile picha za watu wenye kofia na tai wakipeana mikono. Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Seneta Richard Russell wa Georgia alisifika kwa upole na adabu, na moja ya majengo ya ofisi za Seneti linaitwa kwa jina lake. Ni Russell huyohuyo aliyekuwa mstari wa mbele katika miaka ya 1930 kuzuia, kwa hotuba ndefu za kuchosha, miswada ya kuadhibu makundi yaliyokuwa yakiwaua watu weusi bila hukumu, na ndiye aliyeongoza upinzani dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mwaka 1956 wabunge na maseneta 101 wa majimbo ya Kusini walitia saini tamko la kupinga watoto weusi kusoma pamoja na weupe. Ukilisoma hutakuta tusi hata moja ndani yake. Sheria ya taifa dhidi ya mauaji hayo ya makundi ilitiwa saini mwezi Machi 2022. Hicho ndicho kipindi cha kuheshimiana tunachoambiwa tukililie.

Utulivu ule ulikuwa na sababu yake ya kisiasa, nayo inaeleweka bila shida. Kila chama kilikuwa na wahafidhina na waliberali ndani yake, kwa hiyo seneta wa Kidemokrati kutoka Mississippi alikuwa na mengi ya kukubaliana na Mrepublican mhafidhina kuliko na Mdemokrati mwenzake wa New York, na wote wawili walinufaika pale suala la rangi lilipoachwa chini ya mkeka. Sheria ya mwaka 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 zilipopita, weupe wengi wa Kusini walihamia polepole upande wa Republican, na vyama vikaanza kutofautiana kweli. Sehemu ya kelele za leo, basi, imetokana na suala hilo kufunuliwa. Sehemu nyingine ilitengenezwa kwa makusudi: mwaka 1990, kamati ya GOPAC, ya kuwaandaa wagombea wa Republican, iliyoongozwa na mbunge Newt Gingrich, iliwagawia wagombea hao orodha ya maneno ya kuwabandika wapinzani, yakiwamo "wasaliti" na "wagonjwa".

Ndiyo maana darasani kwangu kuna sharti moja ambalo wanafunzi wamelichoka, nami sitaliondoa. Ukileta video ya mwanasiasa akitukana au akitukanwa, lete na muswada uliokuwa mezani siku hiyo, na jinsi kila mmoja wao alivyoupigia kura. Nusu ya wanaoleta video hugundua kwamba muswada ulikuwa unahusu bima yao ya afya, wala hawakuwa na habari.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka.

Wapo wanaosema pande zote mbili ni sawasawa. Upande wangu, ule wa Wademokrati, una makosa yake: Hillary Clinton aliwahi, mwaka 2016, kuwaweka nusu ya wafuasi wa mpinzani wake katika kapu la watu wa hovyo, likawa kosa na akalijutia, na mwaka uliofuata mtu mwenye chuki dhidi ya Warepublican aliwafyatulia risasi wabunge wao waliokuwa wakifanya mazoezi ya besiboli huko Alexandria, Virginia, akamjeruhi vibaya Steve Scalise. Hayo siyatetei. Lakini linganisha Januari mbili. Tarehe 6 Januari 2001, Al Gore, makamu wa rais aliyekuwa ameshindwa urais huku akiwa na kura nyingi zaidi za wananchi, aliongoza kikao cha Bunge cha kuhesabu kura za wajumbe wa uchaguzi, ambazo ndizo humpata rais, na kwa nyundo yake mwenyewe akayakataa mapingamizi ya wabunge wa chama chake kwa kuwa hayakuwa na saini ya seneta yeyote. Tarehe 6 Januari 2021, wafuasi wa rais aliyeshindwa walivunja madirisha ya jengo lilelile la Bunge ili kikao kama hicho kisikamilike. Anayeziona Januari hizo kuwa sawa, mimi sina la kumfundisha.

Wengine hudai kwamba mwanasiasa anayemsifu mpinzani wake ni msaliti au mnafiki. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Ruth Bader Ginsburg, mliberali, na Antonin Scalia, mhafidhina, walipingana katika kesi nzito kwa miaka mingi huku wakienda pamoja kutazama opera. Na John McCain, mgombea urais wa Republican dhidi ya Barack Obama, mwezi Oktoba 2008 huko Lakeville, Minnesota, alimnyang'anya kipaza sauti mama aliyesema kwamba Obama ni Mwarabu, akamjibu kuwa Obama ni mtu muungwana na raia ambaye wanatofautiana naye tu katika mambo ya msingi. Nampa McCain heshima yake, ingawa jibu lenyewe lina dosari, kwani Mwarabu naye aweza kuwa muungwana na raia. Wanafunzi wangu Waislamu huiona dosari hiyo kabla sijaitaja.

Ya mwisho ni dhana kwamba kumsema vibaya rais ni kosa la jinai. Mama mmoja wa Bujumbura, kila tukifika kwenye somo la uhuru wa kusema, huinuka akaenda kufunga mlango. Ametoka katika nchi ambako mwaka 2016 wanafunzi wa shule walikamatwa kwa kuchorachora juu ya picha ya rais. Marekani nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1798, ikamfunga hadi mbunge, Matthew Lyon wa Vermont, ambaye wapiga kura walimchagua tena akiwa gerezani. Ilikoma mwaka 1801. Leo unaweza kumkejeli rais yeyote, wa chama chochote, kwa jina lake. Kumtishia maisha ni jambo jingine kabisa, ni kosa la jinai tangu mwaka 1917, na adhabu yake hufika miaka mitano jela, hata ukidai ulikuwa unatania kwenye kundi la WhatsApp.