Pampu Haikimbii

Miaka kadhaa nyuma nilitafsiri kijitabu cha maelekezo ya pampu ya maji. Ilikuwa kazi ya haraka, nikaimaliza usiku, nikalala. Baada ya wiki kama mbili fundi mmoja akanipigia. Namba yangu alipewa na muuzaji.

"Samahani kaka, hapa mmeandika nisiikimbize pampu ikiwa kavu. Sasa nitaikimbizaje, na nimeshaifunga kwenye zege?"

Kiingereza kilisema tu *do not run dry*. Fundi yeyote wa mtaani angeniambia bure: usiwashe pampu bila maji. Mimi nilikuwa nimeona *run*, mkono ukaandika "kimbia" kabla kichwa hakijafika.

Tangu siku hiyo neno hilo silipiti juujuu. Na si mimi peke yangu lililonisumbua. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford, alikaa nalo kama miezi tisa, na alipomaliza alikuwa na maana 645 za kitenzi peke yake. Katika toleo la 1989 la kamusi hiyo ubingwa wa kuwa na maana nyingi ulikuwa wa *set*, lenye maana 430. Mashine zina mkono katika kupinduliwa kwake. Zamani *run* lilikuwa neno la miguu na la maji yanayotiririka. Zikaja saa, treni, injini, mwisho kompyuta, na karibu kila kitu kilichoanza kwenda chenyewe Waingereza wakakivisha neno hilohilo.

Sasa tatizo la "kimbia" ni kwamba lina hofu ndani yake. Mkimbizi hafanyi mazoezi. Ukisikia fulani kakimbia mji, unauliza anadaiwa na nani. Kwa hiyo mwanasiasa wa Marekani anapo-*run for president*, ukiandika "anakimbia urais" umemgeuza mwoga: kazi imemtisha, ametoka nduki. Kwetu anagombea, na aliye naye kwenye karatasi ya kura ni mgombea mwenza. Pale Mmarekani alipoona mbio, sisi tuliona ugomvi. Nikiri kwamba kwa siasa ninazozifahamu, naona neno letu limelenga zaidi.

Siku hizi sijiulizi *run* maana yake nini. Nauliza ni nini kina-*run*. Maji? Yanatiririka. Pua? Inatoka kamasi. Mkataba ni wa miaka miwili, basi, hauhitaji hata kitenzi. Sukari imetuishia. Mbwa kagongwa na gari. Programu ya kompyuta unaiendesha, ingawa nimekutana na vitufe vilivyoandikwa "Kimbia", na kila nikikiona kimoja namkumbuka yule fundi.

Hilo "endesha" ndilo linalokaribia *run* kuliko yote. Unaendesha gari, mkutano, duka, nchi. Kisha nenda zahanati yoyote usikie mama akimweleza nesi: "Mtoto anaendesha tangu jana." Hakuna anayeuliza anaendesha nini. Kiingereza cha Afrika Mashariki nacho kina *running stomach*, msemo ambao Mwingereza wa London anaweza kuusikia akakodoa macho. Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana tumboni.

Na kuna mahali pamoja ambapo miguu inarudi kabisa. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake benki ikafungwa. Hiyo Kiingereza huiita *bank run*. Wengi walikuwa wamekaa kwenye viti na simu zao, lakini "kukimbilia benki kutoa fedha" linakaa sawasawa, hofu yake ikiwemo. Kiambishi kile kidogo katikati, "-li-", kimefanya kazi yote.

Kabla hatujawacheka wenye lugha, mgeni anayejifunza Kiswahili ana "piga" ya kumtoa jasho: simu, pasi, deki, mswaki, kura, hodi, na hakuna anayeumia. Tofauti ni kwamba "piga" kwa kawaida hutembea na mwenzake. Ukisikia "pasi" umeshajua. *Run* mara nyingi husimama peke yake katikati ya sentensi, linakutazama.

Wale wateja wa pampu walinirudia mwaka jana, safari hii na ratiba ya mafunzo ya mafundi. Mstari mmoja ulisema Alhamisi asubuhi kutakuwa na *dry run*. Kwa kawaida hayo ni mazoezi ya kujaribu jambo kabla ya siku yenyewe, hayana ukavu wowote. Lakini hawa wanauza pampu. Nikawaandikia kuuliza: mnafanya mazoezi, au mnawasha pampu bila maji?