Mtwara inajaa: tupime viwanja vya kuchezea kabla ya viwanja vya nyumba

Kazi yangu ni mipangomiji. Siku hizi muda mwingi niko kwenye urasimishaji wa makazi hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: tunapita nyumba kwa nyumba na kamati ya mtaa, tunatambua mipaka, tunachora, kisha mpima anakuja na bikoni zake, vile vinguzo vya kuonyesha mipaka. Kila mtaa swali la kwanza ni barabara itapita wapi. La watoto watacheza wapi huja mwishoni, aghalabu kutoka kwa akina mama, na likifika kila kipande kimeshapata mwenyewe.

Mji huu haukuanza hivyo. Ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipoleta mradi wa karanga na kutaka bandari yenye kina. Mradi ulikufa 1951, reli ya kwenda Nachingwea nayo ikafungwa miaka ya 1960, lakini barabara pana zilibaki, na nafasi baina ya mtaa na mtaa zikabaki. Shangani bado unaona. Ukienda Magomeni ya hapa Mtwara, au pembezoni kuelekea Mangamba, huoni tena. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa; ya 2022 ilikuta zaidi ya 140,000. Katikati hapo kulikuwa na gesi, bomba la kwenda Dar es Salaam na kiwanda cha saruji. Bei ya ardhi ikapanda, na wenye mashamba ya mikorosho wakaanza kukata.

Hapo kwenye kukata ndipo mambo yanapoharibika, na nataka tuelewane vizuri. Mwenye shamba na dalali wake hukata viwanja vya mita ishirini kwa ishirini. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047, kwa hiyo unapata viwanja kumi hivi usipoacha hata kichochoro. Mwenye ekari kumi anaona viwanja mia moja, na kila futi ya njia anaihesabu kama hasara. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hushauri asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe maeneo ya wazi, mbali na barabara. Katika ekari kumi hiyo ni ekari moja na nusu hadi mbili, kama uwanja mmoja tu wa mpira, maana uwanja wa mita 105 kwa 68 unakula karibu ekari moja na robo tatu. Hatuzungumzii kitu kikubwa. Kwa watoto wadogo wa mtaa, viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini vilivyoungana vinatosha kabisa.

Mwenye shamba simlaumu sana. Ardhi ni yake, ana ada za shule na ugonjwa wa kuuguza, na hakuna aliyekwenda kukaa naye kabla dalali hajafika. Tunakuja sisi wataalamu baada ya nyumba kusimama. Wakati huo watu hukubali kumega ukuta kidogo ili gari la wagonjwa lipite. Hakuna atakayekubali kubomoa nyumba ili watoto wa jirani wapate pa kukimbilia, na hata mimi nisingemwomba.

Anayeumia zaidi ni mtoto wa kike. Vijana wa kiume watatafuta uwanja wa chandimu hata kama ni mbali, na wazee wana bao lao chini ya mwembe. Wasichana wanacheza karibu na nyumbani kwa sababu muda wowote wanaitwa kuosha vyombo. Tazama rede saa kumi na moja jioni: wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku, wa katikati anakwepa na kujaza mchanga kwenye chupa kwa viganja. Mchezo unataka hatua kumi, kumi na tano, za ardhi tupu. Siku hizi unachezwa katikati ya njia ya bodaboda. Pikipiki ikipiga honi wote wanaruka pembeni, chupa inakanyagwa, wanaanza upya. Huyu msichana anahitaji hizo hatua kumi na tano mbele ya kwao. Uwanja wa Nangwanda Sijaona haumsaidii, na ufukwe wa Shangani ni wa Jumapili, nauli ya bajaji ikipatikana.

Ufukwe wenyewe angalau una sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Maeneo ya wazi ya mitaani yanaliwa kimyakimya. Kwenye mchoro eneo limepakwa kijani, zuri kabisa. Mpima akija, anapima viwanja vinavyolipiwa, kile cha kijani kinaachwa bila bikoni wala namba. Mwaka wa kwanza mtu anashusha tofali zake hapo kwa muda. Kinafuata kibanda cha chipsi, halafu msingi. Ukihoji, anakuuliza mpaka uko wapi, na kweli hakuna wa kumwonyesha.

Kwa hiyo ninachokipigania ni hiki: kiwanja cha watoto kipimwe kwanza, siku ileile, kipewe bikoni nne na namba, na kiandikwe kwa jina la halmashauri kabla kiwanja cha kwanza cha nyumba hakijauzwa. Mitaa ambayo haijajaa bado ina mapengo, shamba la mikorosho kumi, ishirini. Wananchi tayari huchangia upimaji. Wakiongeza kidogo kila kaya, mwenye pengo analipwa fidia yake na hadhulumiwi. Viwanja vya shule za msingi navyo vifunguliwe jioni.

Mkutano wa mtaa ukiitwa, mwombeni mwenyekiti alete mchoro, muulize eneo la wazi liko wapi, kisha mtembee wote hadi hapo mkazitafute bikoni. Zikiwepo, Desemba mvua zikianza pandeni mikungu na miarobaini kuzunguka mpaka wake, kwa kuwa huku kwetu msimu ni mmoja na mche wa Machi haufiki mbali. Zisipokuwepo, andikeni barua kwa mkurugenzi wiki hiyohiyo, na nakala ibaki kwa mtendaji.